Afya ni ngome: Nadharia ya uuguzi inayotaka msongo ukabiliwe mapema

WAUGUZI wengi nchini hukutana na mgonjwa akiwa tayari amelemewa. Shinikizo la damu limepanda, usingizi umemtoroka, na pengine kiharusi kimeshampooza upande mmoja wa mwili.

Hata hivyo, ipo nadharia inayoshikilia kwamba kazi ya muuguzi huanza mapema zaidi, wakati msongo ungali unabisha mlangoni. Nadharia hiyo hujulikana kama Mfumo wa Neuman, na hufundishwa katika vyuo vya uuguzi vya nchi nyingi.

Umuhimu wake hudhihirika katika mitaa kama Kinoo, iliyo kandokando ya barabara ya Waiyaki Way. Kiutawala, Kinoo ni wadi ya eneobunge la Kikuyu katika kaunti ya Kiambu, lakini wengi wa wakazi wake hutafuta riziki jijini Nairobi. Yaliyokuwa mashamba ya mahindi na migomba yamegeuka majumba marefu ya kupangisha.

Mkazi wa hapo huamka alfajiri kupigania matatu, hurejea usiku, na katikati hubeba wasiwasi wa kodi ya nyumba, karo na mkopo wa simu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ugonjwa. Yakilimbikizana, huweza kuufungulia ugonjwa njia.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo maishani mwao.

Takwimu hizo ndizo zinazoipa nadharia ya Neuman uzito. Shinikizo la damu haliumi. Mtu hulibeba miaka mingi akidhani yu mzima, hadi siku anapoanguka.

Bintiye mkunga

Betty Neuman alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la Ohio, Marekani, katika familia ya wakulima. Mamake alikuwa mkunga wa kijijini. Babake aliugua maradhi ya figo na kufariki akiwa na umri wa miaka 36 pekee, baada ya kulazwa hospitalini mara kwa mara. Sifa alizowamiminia wauguzi waliomhudumia zilimvutia bintiye katika kazi hiyo.

Neuman alihitimu uuguzi mwaka 1947, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambako alibobea katika afya ya umma na afya ya akili. Mwaka 1970, akiwa mwalimu katika chuo hicho, alichora mchoro wa kuwasaidia wanafunzi wake kumtazama mtu mzima badala ya kutazama kiungo kinachouma. Mchoro huo ulichapishwa mwaka 1972 katika jarida la utafiti wa uuguzi, na kitabu chake cha kwanza kuuhusu kikatoka mwaka 1982. Neuman aliaga dunia mwaka 2022.

Hakuyatoa yote kichwani mwake. Kutoka kwa Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia mzaliwa wa Austria, alichukua wazo kwamba kiumbe hai ni mfumo ulio wazi, unaopokea na kutoa bila kukoma. Kutoka kwa daktari Hans Selye alipata maelezo ya jinsi mwili unavyoitikia msongo. Naye Gerald Caplan, mtaalamu wa magonjwa ya akili, alimpa mgawanyo wa kinga katika ngazi tatu.

Duara ndani ya duara

Katika mchoro wa Neuman, binadamu ni kiini kilichozungukwa na duara kadhaa, mfano wa boma lenye nyua ndani ya nyua. Kiini ni yale yanayomweka mtu hai: viungo vyake, joto la mwili na nasaba aliyorithi kwa wazazi.

Uzio wa nje kabisa ni mstari wa ulinzi unaonyumbuka. Neuman aliufananisha na kodiani, ala ambayo wapenzi wa mwomboko wanaifahamu vyema: hupanuka na kunywea. Mtu akilala vizuri, akala vizuri na akawa na watu wa kumtegemea, uzio huo hupanuka na kuzuia mengi. Akikesha usiku tatu mfululizo, hunywea, na jambo dogo hupenya.

Ndani yake upo mstari wa kawaida wa ulinzi, yaani hali ya afya ambayo mtu ameizoea kwa miaka. Huo ukivunjwa, dalili huanza kujitokeza. Ndani zaidi mna mistari ya ukinzani inayokilinda kiini chenyewe, kwa mfano kingamwili zinazopambana na viini vya maradhi. Mistari hiyo ikishindwa, uhai huwa hatarini.

Mtu huyo hatazamwi kwa mwili wake pekee. Neuman alitaja nyanja tano zinazopaswa kupimwa kwa pamoja: mwili, nafsi, jamii na utamaduni, ukuaji wa kiumri, na imani. Muuguzi anayepima damu bila kuuliza habari za nyumbani amesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Vyanzo vya msongo navyo amevigawa mara tatu. Vipo vilivyo ndani ya mtu, kama vile hofu au maumivu. Vipo vilivyo baina ya mtu na mtu, kama ugomvi wa wanandoa. Na vipo vya nje kabisa, kama kupoteza kazi au bei ya unga kupanda.

Kwa mkazi wa Kinoo, vyanzo vya nje vimekuwa tele. Upanuzi wa barabara kutoka makutano ya James Gichuru hadi Rironi, ulioanza mwaka 2017, uliendelea kwa miaka kadhaa huku wasafiri wakivumilia vumbi na misongamano. Julai 7, 2025, polisi walipofunga barabara nyingi za kuingia Nairobi kufuatia maandamano ya Saba Saba, Waiyaki Way ilikuwa miongoni mwazo, na anayelipwa kwa siku alikosa mlo wa siku hiyo.

Maswali sita

Neuman alipendelea neno ‘mteja’ badala ya ‘mgonjwa’. Mgonjwa husubiri kuambiwa, ilhali mteja ana kauli. Ndiyo maana mwongozo wake wa uchunguzi huanza kwa maswali anayoulizwa mteja mwenyewe, kabla ya muuguzi kutoa maoni yake.

Mteja huulizwa: Ni tatizo gani kubwa linalokusumbua sasa? Maisha yako yamebadilika vipi kwa sababu yake? Umewahi kukumbwa na jambo kama hilo, na ulilikabili vipi? Unatarajia nini siku zijazo? Unafanya nini, na unaweza kufanya nini, kujisaidia? Na unataka wahudumu, jamaa na marafiki wakufanyie nini?

Kisha muuguzi huandika anavyoliona tatizo yeye, na kauli hizo mbili hulinganishwa. Zikitofautiana, hujadiliwa hadi maafikiano yapatikane.

Tofauti hizo si jambo dogo. Mathalani, mama mboga anayeondoka Kinoo kabla ya mapambazuko kwenda kununua mazao katika soko la Wangige anaweza kufika kliniki akiumwa na kichwa. Kipimo kikionyesha 160 kwa 100, ilhali shinikizo huhesabiwa kuwa juu kuanzia 140 kwa 90, muuguzi ataona shinikizo la damu. Mama mwenyewe huenda akaona deni la chama na mwana aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Akipewa vidonge bila kuulizwa, yamkini atavimeza kwa wiki mbili na kuviacha kichwa kikitulia, hasa ikiwa fedha za dawa ndizo fedha za karo. Akiulizwa, muuguzi atajua kwamba ratiba ya dawa, gharama yake na deni hilo ni mambo ya kuzungumziwa kwenye meza moja.

Ngazi tatu za kinga

Kwa Neuman, kila hatua ya muuguzi ni kinga, hata baada ya ugonjwa kuingia.

Ngazi ya kwanza hulenga kuimarisha uzio wa nje kabla ya madhara: chanjo, lishe bora, kupunguza chumvi, mazoezi, usingizi wa kutosha na ushauri nasaha. Ngazi ya pili huanza dalili zinapojitokeza. Hapa ugonjwa hugunduliwa mapema na kutibiwa ili mistari ya ndani isivunjwe. Ngazi ya tatu huja baada ya tiba. Aliyepatwa na kiharusi hufundishwa kutembea upya, hufuatiliwa nyumbani na hulindwa asirudie kuanguka.

Neuman aliita hatua hiyo ya mwisho kujijenga upya. Mtu anaweza kurejea chini ya alipokuwa, au palepale, au hata juu zaidi iwapo alichojifunza katika ugonjwa kimempa ulinzi ambao hakuwa nao.

Kenya imechukua hatua zinazoshabihiana na fikira hizo. Mkakati wa afya ya jamii ulizinduliwa mwaka 2006, na Septemba 25, 2023, Rais William Ruto aliwaaga rasmi wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima shinikizo la damu na sukari. Kila mmoja hutarajiwa kuhudumia takriban kaya 100. Sheria ya huduma za msingi za afya ilitiwa saini mwezi uliofuata.

Maana yake ni kwamba kipimo sasa kinaweza kumfuata mtu mlangoni. Katika jengo la ghorofa sita ambako jirani hamjui jirani, kugongewa mlango na mtu mwenye kipimo mkononi kunaweza kuwa ndiyo mara ya kwanza kwa mpangaji kujua hali ya damu yake.

Mtaa mzima kama mteja

Nadharia hii haiishii kwa mtu mmoja. Familia au mtaa mzima waweza kuwa mteja, wenye kiini chake na nyua zake.

Mfano bora ni mwaka 2020. Baada ya kisa cha kwanza cha Covid-19 kutangazwa nchini Machi 13, kafyu ya usiku ilianza Machi 27. Kuanzia Aprili 6, watu walikatazwa kuingia au kutoka eneo la jiji kuu la Nairobi, lililojumuisha sehemu za Kiambu hadi Rironi. Kinoo ilikuwa ndani ya mpaka huo hadi Julai.

Kwa miezi mitatu, waliozoea kwenda mashambani kuzika, kuona wazazi au kuleta chakula hawakuweza. Amri hizo zilikuwa kinga dhidi ya virusi, lakini wakati uo huo zilikuwa chanzo cha msongo. Zilizuia hatari moja na kuinyweza kodiani ya mtaa mzima.

Hapo nadharia inatoa funzo kwa watunga sera. Kila hatua ya kulinda afya inapaswa kupimwa pia kwa yale inayoyavunja, na nyua nyingine, kama vile chama, kanisa, msikiti na jamaa, ziimarishwe kwa kadiri ileile.

Pale nadharia inapopungukiwa

Wakosoaji wake wana hoja. Istilahi zake ni nyingi, mipaka ya duara zake haipimiki kwa urahisi, na ni vigumu kwa mtafiti kuthibitisha ni wapi mstari mmoja unapoishia na mwingine kuanzia.

Ipo pia hatari ya kumtwika mtu mzigo usio wake. Kumshauri mpangaji apumue polepole huku mshahara wake ukichelewa ni kuziba ufa kwa karatasi. Msongo unaotokana na umaskini hauondolewi na muuguzi peke yake.

Zaidi ya hayo, maswali sita huhitaji muda, na muda ndio adimu zaidi katika zahanati yenye foleni inayofika langoni. Wauguzi wenyewe ni mfumo unaoelemewa. Mgomo wao wa mwaka 2017, ulioanza Juni na kumalizika Novemba, uliwaacha wagonjwa wengi wa hospitali za umma bila huduma na ukaonyesha kwamba mlinzi akichoka, ngome hubaki wazi.

Hata hivyo, wazo kuu la Neuman halihitaji mitambo ya bei ghali. Kipimo cha shinikizo la damu humalizika kwa dakika chache, na swali la ‘ni nini kinachokusumbua zaidi?’ halina gharama yoyote ila subira ya kusikiliza jibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa familia inayomlea mtu aliyepooza, ukuta huo ni miaka ya uuguzi wa nyumbani, kazi iliyopotea na akiba iliyokwisha. Ufa wenyewe ungeweza kuonekana mapema, iwapo mtu angegonga mlango, akapima na akauliza.