Kutoka Nairobi Hata Kisumu kwa Ndege: Umbali na Saa za Safari

Watu wengi waendao Kisumu kutoka Nairobi husikia kwamba safari ya ndege ni dakika hamsini tu, na wengine huipanga siku yao kwa hesabu hiyo. Hesabu hiyo si uongo, lakini ni sehemu tu ya safari.

Tangu kiwanja cha Jomo Kenyatta, kilichofunguliwa huko Embakasi mwaka 1958, hata kiwanja cha Kisumu, ni kilometa 280 hivi, yaani maili 174, kwa mstari ulionyoka. Kwa barabara ni kilometa 350 hivi. Tofauti hiyo yatokana na umbo la nchi. Barabara hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, hupita Naivasha na Nakuru, kisha hupanda Mau na kushuka tena kwa njia ya Kericho. Reli iliyofika ziwani mwaka 1901 ililazimika kuivuka Mau katika kimo cha zaidi ya mita 2,500. Ndege hulivuka bonde zima kwa dakika chache.

Basi mtu aweza kuuliza: ndege iendayo kilometa 500 kwa saa yatumiaje karibu saa nzima? Kwa mwendo huo zingetosha dakika 34. Jibu ni kwamba muda ulioandikwa katika tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, wala si inapoacha ardhi, nao huisha inaposimama kabisa Kisumu. Ndege hutambaa polepole hata mwanzo wa njia ya kurukia, hungoja zamu yake, na kabla ya kutua hupunguza mwendo. Hata ndege yenye mwendo wa kilometa 800 haiokoi dakika nyingi, kwa kuwa njia ni fupi nayo haipati nafasi ya kukimbia. Tena alasiri mawingu ya radi hukusanyika mara nyingi juu ya Kericho na Nyanza, na rubani huyazunguka. Hapo msafiri asinung'unike.

Lakini hatari kubwa kwa msafiri mgeni haimo angani, imo katika karatasi. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu, zihesabiwazo tangu usiku wa manane. Ikiandikwa 07.00, maana yake ni saa moja asubuhi, ikiandikwa 14.30, ni saa nane na nusu mchana. Mtu aliyeitwa kwa mzazi mgonjwa, akaisoma 07.00 kuwa ni saa saba, atafika kiwanjani saa sita nzima baada ya ndege kwenda zake, na nauli yake huenda isirudi. Tangu 07.00 hata 18.00, kanuni nyepesi ni kutoa sita. Jina la kiwanja nalo lisomwe, maana Wilson na Jomo Kenyatta si mahali pamoja.

Meza ya kupokea abiria hufungwa mapema kabla ya ndege kuondoka, na barabara za Nairobi hujaa magari asubuhi. Kwa hiyo tangu mlango wa nyumba hata kukanyaga Kisumu, ni busara kuhesabu saa nne. Basi hutwaa saa saba au zaidi.

Kiwanja cha Kisumu kiko kando ya barabara iendayo Busia. Mwenye safari ya Bondo au Busia hana haja ya kurudi mjini kwanza, kwa sababu magari ya huko hupita njia hiyo hiyo.