Bomba la Nguo Chafu na Imani ya Nyumba Isiyoungua

Swali linaloulizwa kila mara na wenye nyumba wanaojenga kwenye miteremko ya Busanza, katika sekta ya Kanombe wilayani Kicukiro jijini Kigali, ni lile lile: bomba la kudondoshea nguo chafu, kutoka vyumba vya kulala hadi chumba cha kufulia cha ngazi ya chini, liwe na upana gani ili mashuka yasikwame? Swali hilo hujibiwa kwa sentensi moja, kwamba kipenyo cha sentimita 30 hadi 35 kinaitosha familia ya kawaida iwapo bomba limenyooka wima, na likishajibiwa halina tena la kujadiliwa. Linalostahili kuulizwa ni namna bomba hilo litakavyofungwa juu na chini, na kitu litakachotengenezwa nacho. Ila hilo haliulizwi, kwa sababu mafundi na wateja wao wameshikilia imani kwamba nyumba ya matofali na zege haiungui.

Imani hiyo ni ngumu kung'oa kwa kuwa ina chembe ya ukweli. Tofali la kuchoma haliwaki, wala slabu, yaani sakafu ya zege yenye nondo inayobeba ghorofa, haiwaki. Lakini ndani ya kuta hizo mna magodoro, mapazia, makochi ya sponji, dari za mbao na marundo ya nguo, na wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi, ambao hausubiri ukuta uwake ndipo upande. Hewa iliyopata moto huwa nyepesi kuliko hewa inayoizunguka. Ikikuta njia ya wima iliyo wazi hupanda kwa kasi, na katika kupanda huvuta hewa mpya kutoka chini, ambayo nayo huuchochea moto uliokwisha kuanza. Nguvu hiyo, inayoitwa mvuto wa dohani, ndiyo inayolifanya jiko lenye bomba la moshi liwake vizuri, na ndiyo hiyo hiyo inayoligeuza bomba la nguo lisilo na milango kuwa dohani ya kutolea moshi ukumbini mwa vyumba vya kulala.

Anayeyaona haya kuwa nadharia tupu na aitazame hospitali ya St. Anthony's ya mjini Effingham, jimbo la Illinois nchini Marekani, ambako usiku wa tarehe 4 Aprili 1949 moto ulionekana katika bomba la nguo chafu na watu zaidi ya 70 wakafa. Fundi mwenye hoja atajibu, na kwa haki, kwamba kuta za hospitali hiyo zilikuwa za matofali lakini sakafu zake zilikuwa za mbao. Basi na aitazame hospitali ya Hartford, jimboni Connecticut, jengo lililohesabiwa kuwa la kustahimili moto: tarehe 8 Desemba 1961 moto ulianza ndani ya bomba la kutupia taka, ukachomoka kwenye ghorofa ya 9, na watu 16 wakapoteza maisha. Zege lilibaki limesimama, jambo ambalo halikuwasaidia marehemu.

Imani hii huzaa nyingine, kwamba bomba la plastiki la maji machafu, aina ya PVC, linatosha kwa kuwa ni rahisi na halishiki moto. Ni kweli kwamba PVC haiwaki kwa urahisi, na hapo ndipo muuzaji anapomshinda mteja. Asilolisema ni kwamba plastiki hiyo hulainika ikifika takriban nyuzi 80 za Selsiasi, joto ambalo moto wa chumba kimoja hulipita mapema mno, na inapoungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayochoma macho na koo. Bomba likishalainika na kuporomoka, kinachobaki ni tundu tupu katika slabu. Kibaya zaidi ni kuweka mlango wa bomba jikoni kwenye mtungi wa gesi, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni, hushuka kwenye bomba lisilozibika vyema, na kujikusanya chini, penye pasi na swichi.

Yaliyobaki ni mafupi. Bomba liwe la bati la chuma lililopakwa zinki, kila kipande cha juu kikiingia ndani ya cha chini ili nguo isinase, bila ncha ya skrubu inayochomoza, nalo lizungushiwe ukuta wa matofali uliopigwa plasta. Mlango wa juu uwe wa chuma, wenye springi ya kuufunga wenyewe na kufuli, na kizingiti chake kiwe mita moja au zaidi kutoka sakafuni, kwa kuwa panapopita shuka hupita na mtoto wa miaka miwili, na ndoo ya kukanyagia isiachwe karibu. Mlango wa chini ushikiliwe wazi na kiungo cha metali kinachoyeyuka kwenye nyuzi 74, ili moto ukianza mlango ujifunge bila kusubiri mtu. Kitambuzi cha moshi kifungwe kwenye chumba cha kufulia. Imbabura, yaani jiko la mkaa, ikiwa na makaa isiingizwe humo, na matambara yenye mafuta yasitupwe bombani, kwani mafuta ya kupikia yaliyofyonzwa na kitambaa huweza kujipasha moto yenyewe yakirundikwa. Nafasi ya bomba iachwe kabla ya zege kumwagwa, kwa mchoro wa mhandisi. Kuitoboa slabu iliyokwisha kukauka ni kukata nondo zinazobeba nyumba, na ni badiliko la muundo linalohitaji kibali cha Jiji la Kigali. Katika maghorofa ya Busanza waliyohamishiwa wakazi wa vitongoji vya Kangondo na Kibiraro, ambamo sakafu ya mmoja ni dari ya mwenzake, jambo hilo lisifikiriwe kabisa. Asiyeweza kumlipa mhandisi anunue kapu lenye mishikio miwili na kushuka nalo ngazi.