Mshipa wa Bandia Mwilini

Ateri kubwa ya mwili huweza kudhoofika ikatuna kama mpira uliojazwa upepo, au huweza kuziba kwa mafuta na chokaa vilivyogandamana ndani yake. Ikifika hapo, daktari mpasuaji huweza kushona bomba la nguo au la plastiki mahali pa mshipa ulioharibika. Watu wengi hudhani kwamba uzi wa mwisho ukisha kufungwa, kazi imekwisha. La, sivyo. Kazi ya mwili ndiyo kwanza inaanza, na kupona kwa mgonjwa hutegemea sana jinsi mwili utakavyompokea mgeni huyo.

Tuanze na jambo tunalolijua sote tangu utoto, yaani mwiba mguuni. Ukiuacha mpaka kesho, mahali pale huwa pekundu, huvimba, hupata moto na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mroma Celsus yapata miaka 2,000 iliyopita. Sababu yake ilianza kufahamika mwaka 1882, katika mji wa Messina, Italia. Huko mtaalamu Elie Metchnikoff, mzaliwa wa dola ya Urusi, aliwachoma watoto wadogo sana wa kiti cha pweza kwa miiba ya waridi. Asubuhi alikuta chembe hai zimeuzunguka mwiba kama askari waliomzingira mwivi. Kwa uchunguzi wake juu ya kinga ya mwili alipata Nishani ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Mabomba yenyewe yalitengenezwa baadaye. Mwaka 1947, huko New York, Arthur Voorhees aliona kwamba uzi wa hariri uliobaki ndani ya moyo wa mbwa ulikuwa umefunikwa na utando laini. Akafikiri: ikiwa mwili waweza kuufunika uzi, kwa nini usiifunike nguo? Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza habari za mabomba yao ya nguo. Katika miaka hiyo ya 1950, Michael DeBakey wa Houston alishona mabomba ya Dacron, nguo ya jamii ya poliesta, kwa cherehani ya mkewe. Baadaye ikaja plastiki ya jamii ile inayopakwa ndani ya kikaango ili chakula kisigande.

Sasa tutazame yanayotokea. Damu ikigusa bomba tu, protini zake hunata juu yake. Katika saa na siku za kwanza hufika chembe nyeupe za damu zilizo nyepesi kukimbia. Kisha huja chembe kubwa zenye kazi ya kumeza uchafu. Nazo zikiona kwamba bomba halimezeki, huungana nyingi pamoja zikawa majitu. Mwisho huja mafundi wa kujenga, wakalizungushia bomba ukuta wa nyuzi za kovu. Ukuta huo ni msaada mkubwa, maana hulishikilia bomba mahali pake.

Kwa sababu hiyo wagonjwa wengine hupata homa siku za kwanza, hasa wale walioingiziwa bomba ndani ya ateri kuu kwa kupitia mshipa wa paja. Chembe nyeupe huongezeka, lakini damu ikipimwa haionekani vijidudu. Mara nyingi homa hiyo hutulia yenyewe. Lakini ipo homa nyingine, ya vijidudu vilivyokaa juu ya bomba na kujifunika kwa ute ambao dawa haziupenyi vizuri. Hiyo ni hatari kuu, na mara nyingi hulazimu bomba litolewe. Basi jamaa za mgonjwa wasiseme upesi kwamba kila homa ni ishara ya kifo, wala wasiipuuze. Wampeleke hospitali, kwa kuwa mkono juu ya paji la uso hauwezi kuzitambua homa hizo mbili.

Tena kuna hasara ya polepole. Penye maungio ya bomba na mshipa, nyama huweza kuota kupita kiasi na kuiziba njia. Mabomba mapana hustahimili, bali membamba huziba upesi. Hapa Kampala jambo hili lawahusu hasa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, kama wale wa Hospitali ya Kiruddu. Ikiwezekana, madaktari hupendelea kuunganisha ateri na vena za mkono wa mgonjwa mwenyewe, kwa maana mwili hauwi na mgeni wa kupigana naye. Bomba huwekwa pale ambapo mishipa yake haifai.

Kutoka Bukoto, kilima cha Mulago, yalipo makao ya Taasisi ya Moyo ya Uganda, hakiko mbali. Huenda baadhi yetu tutafanya kazi huko. Lakini hata asiyekuwa daktari aweza kuilinda mishipa aliyozaliwa nayo: asivute sigara, na apimwe shinikizo la damu. Hakuna cherehani iliyokwisha kushona mshipa ulio bora kuliko huo.