Kisangani: mkia wa mbwa uliojikunja, wakati gani ni ugonjwa?

Mkaaji wa Wagenia, mtaa wa wavuvi kwenye maporomoko ya mto Congo, anayetaka kununua mtoto wa mbwa aanze kwa kumgeuza na kutazama mkia kabla ya kutoa franka zake.

Mbwa wa asili wa misitu ya Congo ana mkia uliojiviringa juu ya mgongo na mikunjo midogo kwenye paji la uso. Wazungu walimwita Basenji, neno ambalo Mkongomani analijua kama tusi. Leo linaandikwa kwa heshima kwenye mashindano ya mbwa Ulaya na Marekani. Mkia huo si ulemavu. Mbwa akikimbia, unafunguka.

Kwa bulldog wa Uingereza na wa Ufaransa mambo ni mengine. Mkia wao mfupi umejipinda kama parafujo kwa sababu mifupa yenyewe imezaliwa na kasoro. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walihusisha umbo hilo na hitilafu katika jeni la DVL2. Mbwa wa aina hizo huzaliwa pia mara nyingi na pingili za mgongo zenye kasoro, na wengine hulegea miguu ya nyuma.

Tatizo la kila siku ni ngozi. Chini ya mkia huo kuna mfuko usioingia hewa. Unyevu unabaki humo, bakteria na fangasi wanazaana, panakuwa pekundu, panatoa harufu mbaya, na mbwa anaburuta matako chini. Ni rahisi kudhani ni minyoo. Joto lenye unyevu la Kisangani halisaidii. Mikunjo ya uso na ya mkia isafishwe kwa upole na ikaushwe kabisa. Kukausha ndiko watu husahau. Kidonda kisipopona, daktari wa mifugo anaweza kulazimika kukata mkia. Mbwa kama huyo asizalishwe.

Hata Basenji aliteseka mikononi mwa wafugaji wa ng'ambo. Walianza na mbwa wachache waliopelekwa Uingereza miaka ya 1930, wakazalisha ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi Haut-Zaïre kutafuta damu mpya. Waliipata vijijini, kwa mbwa wa kuwinda wasio na karatasi yoyote.