Tulivuka kwenda Idjwi

Akina mama, wengi mlituuliza kama Idjwi kuna nafasi ya kuhamia. Wiki iliyopita tulivuka ziwa kwenda kujionea.

Tulishukia upande wa kusini, kwa Ntambuka. Usiku ule tulilala. Sisi wa Kavumu, tunaoshtuka kila mlango ukilia, tulilala mpaka jogoo alipowika! Watoto wa huko wanaoga ziwani bila woga, maana Kivu haina mamba wala kiboko. Lugha haikutusumbua, Kihavu na Mashi ni ndugu. Na mananasi yao, jamani!

Lakini watu wamejaa, mashamba ni vipande. Ardhi inaombwa kwa kalinzi, na mwanamke asiye na mume ataiomba kwa jina la nani? Mama aliyetupikia ni mjane. Zamani wanaume walivusha kahawa Rwanda usiku kwa mitumbwi, wengi wakazama. Mume wake alikuwa mmoja wao. Leo analima mashamba ya wengine, analipwa kwa siku.

Wakati wa kurudi mawimbi yalitupiga, na hakuna aliyevaa jaketi la kuelea. Wawili kati yetu wameamua kuhamia na watoto. Sisi wengine bado tunahesabu. Waulizeni Jumamosi, baada ya mkutano.