Ngamia bora hutambuliwa kwa miguu, si kwa nundu

JINA la Kulamawe, kituo kilichoko kwenye barabara itokayo Isiolo kuelekea Garba Tulla, humtahadharisha mgeni kuhusu ardhi anayoikanyaga. Hapa malisho na maji ni nadra kupatikana mahali pamoja, na mnyama asiyeweza kutembea hana maisha marefu.

Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana kati ya 2020 na 2022, wafugaji wengi wa kaskazini mwa Kenya walipoteza ng'ombe, na baadhi yao wakageukia ngamia. Aliyezoea ng'ombe huvutiwa kwa urahisi na nundu kubwa. Lakini nundu ni akiba ya mafuta. Huonyesha jinsi mnyama alivyolishwa, wala haisemi atatembeaje.

Mwendo wa upande mmoja

Farasi anapokwenda mbio za wastani, mguu wa mbele wa kulia hunyanyuka pamoja na wa nyuma wa kushoto. Ngamia hunyanyua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja. Miguu yake ni mirefu ikilinganishwa na kiwiliwili, hivyo mwendo huo huizuia ya nyuma isigonge ya mbele, na hatua huwa ndefu.

Hata hivyo, uzito huhama kutoka upande hadi upande, ndiyo maana mpandaji huyumba. Kwenye tope, miguu yaweza kuteleza na kupanuka, nyonga ikaumia.

Wayo na kifua

Ngamia hana kwato ngumu kama farasi. Ana vidole viwili juu ya wayo mpana na laini, unaotandazika anapokanyaga. Wayo huo humfaa kwenye mchanga, lakini mawe makali huweza kuutoboa. Nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, kwa kuwa sehemu ya mbele hubeba uzito mkubwa zaidi.

Kifuani ana sugu nene inayombeba anapopiga magoti. Iwapo viwiko vimebana mno, huikwaruza sugu hiyo kila hatua. Safari fupi haitalidhihirisha hilo, lakini safari ya siku kadhaa huzaa kidonda, kisha mnyama huchechemea.

Mwili na kazi yake

Katika nchi za Ghuba, ngamia wa mashindano huchaguliwa wembamba, wenye miguu mirefu na tumbo dogo. Mfugaji wa Isiolo akiiga kigezo hicho atajidhulumu, kwani ngamia jike wa maziwa anahitaji tumbo pana la kutosha malisho mengi.

Basi mnunuzi asiridhike kumtazama ngamia akiwa amesimama au amelala sokoni. Aombe atembezwe, amtazame kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavu. Miguu iende sambamba bila kugongana, viwiko viwe na nafasi, nyayo ziwe nzima. Amlaze na kumwinua pia, maana anayesita kunyanyuka huenda ana maumivu ya viungo.

Nundu iliyopungua yaweza kurudi baada ya mvua na malisho. Miguu iliyoumbwa vibaya hairekebishwi na mvua yoyote. Kundi linapohama kutafuta maji, ngamia anayechechemea hubaki nyuma, na maziwa ya watoto hubaki naye.