Ziwa limegeuka kijani: tuingie au tusiingie?



Mwaka jana mwezi wa Julai niliwachukua watoto pamoja na mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka kwetu Mwanza, tukaenda kuogelea Ziwa Mendota hapa Madison, Wisconsin. Tukakuta kibao: ufukwe umefungwa kwa sababu ya sayanobakteria. Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, si uchafu wa kijani tu huo? Sisi kwetu tunaoga humo humo." Kusema kweli sikuwa na jibu, zaidi ya "wenyewe wamekataza." Niliona aibu. Baadaye nikajiunga na watu wanaojitolea kuangalia hali ya maji ufukweni, na haya ndiyo niliyoyaokota huko. Mnivumilie, maana mimi ni mtu wa lugha, si mtu wa sayansi.

Kwanza, ni kitu gani hiki? Wengi hukiita mwani wa kijani-buluu, lakini si mwani hasa. Ni bakteria, ila wanajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Wamo ziwani siku zote, na wakiwa wachache hawana neno. Balaa huanza maji yakipata joto, yakatulia, na yakawa na chakula tele. Hapo huzaana kupita kiasi. Baadhi yao wana vifuko vidogo vya hewa ndani ya chembe zao, kwa hiyo huelea. Asubuhi isiyo na upepo hupanda juu wakafanya utando kama rangi ya kupaka nyumba iliyomwagika. Upepo ukija, hata mdogo, huusukuma utando wote upande mmoja. Ndiyo maana ufukwe huu unafungwa na ule wa ng'ambo uko wazi, na kesho yake mambo yamegeuka.

Sasa sumu. Si kila sayanobakteria hutoa sumu, na kwa macho huwezi kuwatambua wenye sumu na wasio nayo. Inayopimwa sana ni maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Zipo nyingine zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Mtu mzima anaweza kuishia kuwashwa ngozi, kutapika au kuharisha. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa kuwa mwili wake ni mdogo na akicheza majini hunywa maji mengi bila kujua. Mbwa ndio wanaokufa mara nyingi, maana wakitoka majini hujilamba manyoya.

Kupima kwenyewe hakuna uchawi. Sisi wa kujitolea tunaandika joto la maji, rangi yake, kama kuna utando, na upepo unatoka wapi. Halafu tunajaza maji kwenye bomba la plastiki linalopitisha mwanga, tunaangalia kwa juu, na kuyapunguza mpaka alama ya chini ionekane. Kina cha maji yaliyobaki ndicho kipimo cha uangavu. Huko kati ya ziwa wataalamu huteremsha sahani ya Secchi, nyeusi na nyeupe, yenye upana wa sentimita 20, wakasoma kwenye kamba ni kina gani ilipotoweka. Angelo Secchi alikuwa padri wa Italia, na alianza jaribio hilo mwaka 1865 katika Bahari ya Mediterania. Hadi leo linatumika.

Maabara nayo hupima mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Kuna vijidudu vya kinyesi, E. koli, ambavyo kwa kawaida huoteshwa na majibu hupatikana baada ya siku nzima hivi. Na kuna sumu yenyewe. Mwaka 2019 idara ya mazingira ya Marekani ilipendekeza kuwa maji ya kuogelea yasizidi maikrogramu 8 za maikrosistini kwa lita. Hapo ndipo nilipoelewa jambo kubwa: maji yanachukuliwa asubuhi, majibu yanatoka baadaye, na utando umeshahama. Kwa hiyo kibao kikiwepo, kiheshimu. Lakini kisipokuwepo, usidhani umepewa ruhusa. Angalia mwenyewe. Kama maji ni kijani kiasi kwamba ukiingia mpaka magotini huioni miguu yako, toka, na mtoto asiingie.

Mtauliza, kwa nini hawalisafishi tu? Chakula kikuu cha balaa hili ni fosforasi. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakaongeza na fosforasi. Upande wenye fosforasi ndio uliogeuka kijani. Hapa Mendota maji taka ya miji ya juu yaliondolewa ziwani mwaka 1971, lakini kijani hakikwisha, kwa sababu fosforasi inatoka kwenye samadi na mbolea za mashamba. Theluji ikiyeyuka, au mvua kubwa ikipiga, inaletwa na mito. Nyingine imelala kwenye tope la ziwa miaka na miaka. Hakuna dawa ya kumwaga leo ikaponya kesho.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya kule nyumbani. Maikrosistini imeshapatikana na watafiti katika Ghuba ya Mwanza na katika Ghuba ya Winam upande wa Kisumu. Nilimpigia dada yangu simu nikamweleza, akanijibu, "Si tunachemsha?" Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na msiache kuchemsha. Lakini sumu hii haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki, tena nzito zaidi. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Ohio, wanaotumia maji ya Ziwa Erie, walikatazwa kunywa maji ya bomba na wakaambiwa wasiyachemshe, kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye chaguo asichote penye utando wa kijani. Asogee mbali nao, au atafute kisima au bomba la maji yaliyosafishwa.

Mpwa wangu amesharudi Mwanza. Juzi amenitumia picha ya maji ya kijani pale wanapochota, na chini yake ameandika: "Mjomba, leo tumeenda bombani."